Pedali ya Kushoto

Kitu cha kwanza alichokiona msichana yule ni chembe za alumini juu ya kiatu chake cha shule, ndogo kama sukari, ziking'aa. Kisha akaona kwamba pedali ya kushoto imebaki mkononi mwake, na tundu ilimotoka limeliwa meno yote.

Kila siku akitoka shule alipitia kwenye banda la mjomba wake, fundi baiskeli. Alifagia, akapanga spana kwa ukubwa, akaosha minyororo kwa mafuta ya taa, ndipo akafungua daftari lake la hesabu juu ya sanduku la vipuri. Shuleni walimpa jina la Kimya, na jina likamkaa. Tangu Bibi afariki, miezi mitatu iliyopita, hakulia wala hakucheka. Watu walisema ana moyo mgumu. Yeye mwenyewe aliuona moyo wake kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini hata ukiuchoma sindano hausikii.

Baiskeli iliyokuwa ikitengenezwa ilikuwa ya mama yake. Mama alifua mashuka ya hospitali ng'ambo ya reli, na kila siku alitembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, miguu ikimvimba. Mjomba aliipata kwa mlinzi mmoja ambaye kuku wake walikuwa wameigeuza kitanda. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko Kimya, si ya mashindano wala si ya milimani, na mjomba akaiita Chotara. Aliikwangua kutu, akanyoosha rimu, akabadilisha spoki kumi na moja, akaiwekea breki mpya, tairi pana na keria. Fundi viatu wa banda la pili alichungulia kila siku. Alisema Chotara itakapokwisha, mwenye baiskeli atakuwa anatembelea mkongojo. Mjomba akamjibu kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba viatu alivyomshonea yeye mwaka jana ni ushahidi tosha.

Siku hiyo zilibaki pedali na mnyororo tu. Mjomba alikwenda kununua mnyororo, akamwachia Kimya kazi ya kufungua pedali za zamani. Jana yake alikuwa amemweleza kwamba pedali ya kushoto ni kaidi: hufunguka kinyume cha nati nyingine zote. Kimya aliitikia kwa kichwa, lakini maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Pedali ya kulia ilitoka bila shida. Ya kushoto aliizungusha kama nati yoyote. Ilipogoma, alichomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu, akalalia kwa uzito wake wote. Kumbe alikuwa anakaza. Mkono wa pedali, wenye lile tundu, ulikuwa wa alumini, laini, nao haukustahimili.

Hakuogopa. Hilo ndilo lililomshangaza baadaye. Alizipuliza zile chembe, akaviringisha uzi mweusi wa kushonea kwenye shina la pedali mpya, akapaka grisi nyingi, akaisukuma ndani mpaka ikashika. Mjomba aliporudi aliizungusha kwa kidole. Ilizunguka vizuri.

"Umeifunga wewe? Ukakaza kinyume, kama nilivyokuambia?"

"Ndiyo, mjomba."

Mjomba alisema mikono hiyo itakuja kulisha watu, akageukia mnyororo.

Jumapili mama aliijaribu baiskeli uani. Alizunguka kamba ya nguo mara tatu, polepole, akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi. Kimya alimtazama kama mtu anayetazama nyumba ya watu kupitia dirishani.

Jumatatu asubuhi mama alijifunga kitambaa kichwani, akafunga chakula chake kwenye keria. Alisema leo ataushuka mteremko wa reli bila kukanyaga chini, awahi kabla malori hayajaanza kupishana. Akaitoa baiskeli nje. Pale iliposimama usiku kucha, sakafuni, Kimya aliona chembe tano sita zinazong'aa.

Aliziangalia. Alijua anapaswa kushtuka, na hakushtuka. Akawaza kwamba akingoja mpaka aogope, mama atakuwa ameshafika mteremkoni. Basi akatembea hivyo hivyo bila woga, akaishika keria.

"Mama, usipande. Niliiharibu pedali, nikaficha."

Mama alimtazama. Akaikanyaga pedali kwa mguu mmoja, kujaribu. Ikalala upande, ikaanguka chini pamoja na uzi wake mweusi. Mama alifungua chakula chake kwenye keria, akaenda kwa miguu, na siku hiyo msimamizi alimsema mbele ya wenzake kwa kuchelewa.

Baada ya shule Kimya aliikokota Chotara mpaka bandani, akamweleza mjomba yote, hata habari ya lile bomba. Fundi viatu aliuliza kama Chotara imekuja kusalimia. Kisha akarudi kwenye soli yake. Mjomba alichakura kwenye sanduku la vipuri mpaka akapata mkono mwingine, wa chuma, mzito, usiofanana rangi na mwenzake. Aliufunga mahali pake, kisha akampa Kimya pedali. Kimya aliizungusha kinyume, kwanza kwa vidole, akasikia meno yakishikana moja baada ya jingine.

Mama alipopita jioni akitoka kazini, mjomba alikuwa anafuta mikono.

"Mpwa wangu, kuharibu si kitu," alisema. "Mimi nimeharibu mikono ya pedali mingi kuliko miaka yako. Kinachoharibika kikaonekana, kinatengenezwa. Lakini ukikipaka grisi juu, mwenzako atakikanyaga akijua ni kizima, na ni yeye atakayeanguka. Mficha maradhi, kilio humfichua. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyo hiyo."

"Na akichelewa?" mama aliuliza.

"Akichelewa, aseme tu. Leo amechelewa, na wewe bado una miguu miwili."

Mama aliendesha, Kimya akapanda kwenye keria. Barabara ilikuwa tambarare na pedali haikulia. Mgongo wa mama ulinukia sabuni. Siku Bibi alipofariki, peke yake chumbani, majirani walisema hata mtoto aliyekuwa uani hakusikia kitu, na Kimya aliwaacha waseme. Kusema na mgongo ni rahisi kuliko kusema na macho.

"Mama," alisema. "Siku ile Bibi aliniita. Mara mbili. Nilisikia, nikaendelea kuruka kamba."