Nyongeza ya Mlango

Alasiri ile fundi alipomaliza kuupigilia mlango mpya na kwenda zake, Wanza alitoka nje kumwaga maji aliyooshea majani ya sukuma. Beseni likiwa bado mkononi, akasikia hodi. Mtu alikuwa anabisha kutoka ndani ya nyumba, na ndani hakukuwa na mtu.

Akajiambia ni mbao zinajinyoosha. Akaingia. Kulinuka chokaa mbichi, kama nyumba iliyobomolewa halafu ikanyeshewa.

Mlango aliununua Kawangware, kwa mzee Osewe, muuzaji wa milango na madirisha ya nyumba zilizovunjwa. Ulikuwa wa mbao nzito, mzuri kuliko chumba chenyewe cha mabati pale mtaa wa Laini Saba, unaopitiwa na reli, alimoishi na binti yake Kavindu, wao wawili tu. Wanza ni mama mboga, meza yake ya sukuma iko pale pale nje ya chumba, na kubishania bei ni kazi yake. Na Osewe alipokubali bei, Wanza akafanya kile ambacho wateja wake mwenyewe wa mboga humfanyia kila siku.

"Sasa niongeze kitu juu, mzee. Siwezi enda hivi hivi."

Osewe alimtazama kidogo. "Nyongeza iko. Kuna mwenye hukaa na huu mlango. Lakini ana masharti. Hapendi kukaa peke yake."

Wanza alikuwa amegeukia mkokoteni, akichunga mlango usifungwe vibaya ukakwaruzwa. "Weka tu, mzee. Weka." Alidhani ni paka.

Mlango ulipokwisha kuwekwa, Kavindu, aliyekuwa darasa la kwanza, akaanza kukosa shule. Mara viatu havionekani, mara tumbo linauma. Asubuhi moja Wanza akamshika mkono kumtoa kwa lazima. Mtoto alipofika kizingitini alikwama, kifua mbele, kama aliyegonga ukuta, na pumzi ikamkatika mpaka midomo ikawa ya kijivu. Wanza alipomrudisha ndani, akapumua.

"Mum, huyo mzee amesema nisitoke," Kavindu alinong'ona.

"Mzee gani?"

"Mwenye ananuka chokaa. Anasema ni wewe ulimwitisha."

Wanza aliwaita wamama wa ushirika wa kanisani. Walikuja na Biblia zao, wakakemea, wakaimba, na katikati ya wimbo ikasikika sauti nyingine kutoka pembeni mwa kabati, nzito, ikiimba maneno yale yale lakini nyuma kidogo, kama mtu anayejifunza, na wamama walipoacha kuimba mmoja baada ya mwingine, ile sauti ikaendelea peke yake hadi mwisho wa ubeti, ikasema amina.

Mama Muia, mmoja wao, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchukua mkoba wake. "Dada Wanza," alisema kwa sauti ya chini, "hii kitu haikuingia kwa nguvu. Ilikaribishwa."

Kesho yake Wanza aliung'oa mlango. Akamwomba jirani yake Celine, aliyeishi upande wa pili wa bati na kukaanga mandazi pale nje, amwangalie Kavindu. Kisha akaurudisha mlango Kawangware.

Osewe hakubisha hata kidogo. "Mlango nachukua. Pesa yako hii."

"Na yule?"

"Yule sikukuuzia, mama. Wewe uliomba. Ulichonunua naweza kurudisha. Ulichoomba kwa mdomo wako kinatoka tu kama mwingine amekuomba na umempa."

"Sasa nani ataomba kitu kama hiyo?"

Osewe akaegemeza mlango kwenye ukuta. "Si wewe uliomba?"

Aliporudi, Celine alikuwa ametundika leso mahali pa mlango. Kavindu alijaribu kutoka. Leso ilipeperuka, mtoto hakutoka.

Wanza alimwomba Mungu siku ile mpaka koo likakauka. Lakini moyoni alikuwa ameshaelewa, na hilo ndilo lililomtisha. Kila mteja aliyekuja kwa meza yake angesema lile neno, ongeza. Akawa anawahudumia bila kuwaangalia machoni, akiongeza majani tu, midomo imefungwa. Akavumilia hivyo mpaka ile jioni aliposikia Kavindu ndani akimuuliza mtu, polepole, iwapo shule iliwahi kuwepo kweli.

Celine akafika na mtoto wake wa kunyonya mgongoni.

"Mama Kavindu, hii sukuma unakata ama unanyoa? Aki ongeza bwana, mimi nanyonyesha!"

"Nikuongezee na ile nyongeza yangu ya Kawangware?"

Celine akacheka. "Ongeza yote! Mimi sikatai kitu ya bure."

"Haya. Chukua."

Harufu ya chokaa ilipita kati yao. Na Kavindu akatoka mbio, miguu mitupu, akipiga kelele za furaha hadi karibu na reli. Wanza akapiga magoti pale pale kwenye matope kumshukuru Mungu, lakini sala ikamkwama mdomoni, kwa sababu Celine alikuwa ameshaingia kwake, na kupitia bati Wanza alimsikia akibembeleza mtoto, kisha akimwita, kisha akisema woi, mbona nikimtoa nje hapumui, nikirudi anapumua, nikimtoa tena anakuwa baridi, woi watu wangu, njooni muone huyu mtoto, na chini ya kilio chake kulikuwa na mtu mwingine akiimba wimbo wa ushirika, sasa bila kuchelewa hata neno moja.

Wanza akaenda akasimama kizingitini kwa Celine.

"Nimekukosea. Ni mimi nimekupea hii kitu, nikijua."

"Wewe?" Celine alimkumbatia mtoto. "Wanza, mtoto wangu? Na vile nimekuchungia wako?"

"Niuzie andazi moja. Halafu uniongeze nyongeza. Ile ile." Akageukia pembe iliyokuwa tupu. "Lakini leo masharti nataja mimi. Hutagusa mtoto, wangu wala wa mtu. Kama hupendi kukaa peke yako, utakaa na mimi."

"Chukua!" Celine akamtupia andazi. "Chukua na utoke kwangu!"

Kisha, karibu kabisa na sikio la Wanza, kwa upole, mtu akasema, "Sawa." Celine akatoka mbio na mtoto wake hadi nje, na mtoto akalia.

Kavindu sasa yuko darasa la pili. Mamake huuza mboga akiwa amekaa ndani, wateja wakisimama nje ya pazia, na wakiuliza kwa nini hatoki husema ni mguu unamuuma. Alfajiri Celine humletea sukuma kutoka sokoni, huiacha pale kizingitini bila kusema neno. Mtu akiomba nyongeza, Wanza humpa majani, basi.

Juzi Kavindu alirudi shuleni akikimbia, amefundishwa kuruka kamba kwa mguu mmoja.

"Mum, kuja uone! Kuja nje, haraka!"

Wanza aliweka kisu chini. Akasimama, akasogea hadi kizingitini, pale jua lilipogusa ncha za vidole vya miguu yake.

"Nakuja," alisema.

Nyuma yake, mtu akamvutia kiti.