Filimbi ya Jumamosi na Kitabu cha Mtaa

Amisa alikuwa anakanda unga filimbi ilipolia. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Upesi alifunika makaa kwa majivu, akaingia jikoni, akavuta mlango. Majirani zake wote wa Avenue ya Tatu walifanya vilevile. Nani alitaka kukamatwa kwa salongo, ile kazi ya Serikali ya kila Jumamosi? Wiki iliyopita walizibua mfereji wa soko, na Amisa alirudi na malengelenge mikononi.

Filimbi ikapita, ikanyamaza. Amisa akatoka, akafukua makaa, akaendelea na kazi yake. Alikuwa akikaanga mikate ya mviringo na kuwauzia wachimbaji wa shaba. Kila siku kabla ya jua kutoka alichota ndoo sita za maji kwenye robine, bomba la mtaa lililokuwa mbele ya nyumba yake.

Jumatano wakaja watu wawili wenye mkebe wa rangi nyekundu. Wakapaka alama kwenye robine.

"Hii alama ni ya nini, tata?" Amisa alimwuliza mmoja wao kwa heshima.

"Robine inahama, mama. Mwezi ukiisha, itakuwa ng'ambo ya barabara, karibu na bar."

"Nani amesema?"

"Mukutano wa mtaa. Banasema batu ba hapa hawakukataa."

Amisa alitazama barabara. Malori ya mawe ya shaba yalipita pale usiku na mchana. Mwaka uliopita lori moja lilimvunja mguu mama mmoja aliyekuwa akivuka. Alfani, mume wa Amisa, dereva wa lori la kwenda Kasaji, aliporudi na kusikia habari ya robine, hakula.

"Mi niko dereva," alisema. "Mu giza, mama na ndoo hatumuone. Tunasikia tu kishindo."

Lakini Amisa alisumbuliwa na jambo lingine pia. Mkutano gani? Ulifanywa lini? Mbona yeye hakuusikia?

Asubuhi alikwenda ofisi ya mtaa. Karani Kyungu alikaa mbele ya kabati. Ndani ya kabati kulikuwa na kitabu kinene chenye jalada jeusi. Siku zile ofisini watu waliitana Citoyen na Citoyenne, yaani raia.

"Citoyen Kyungu, ule mukutano wa robine ulikuwa siku gani? Nani alikuya?"

"Yote imeandikwa mu kitabu."

"Kile cheusi?"

"Njo kile."

"Basi unionyeshe."

"Citoyenne, kile ni kitabu cha Serikali. Hakisomwi na batu ba mikate."

Watu waliongoja kwenye benchi walicheka. Amisa naye alicheka kidogo, lakini macho yake hayakuondoka kwenye kitabu. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia asitazame, ndipo anaanza kujiuliza.

Jioni Mbelu alipita kununua mikate. Mbelu alipiga mashine ya kuandika katika ofisi nyingine ya Serikali. Amisa alimwita yaya, yaani mkubwa wake, kwa kuwa Mbelu alimzidi umri. Akamweleza yote.

"Uliomba kwa mudomo?" Mbelu aliuliza.

"Kwa mudomo, yaya. Kwani banaombaka na nini?"

"Na karatasi. Maneno ya mudomo, karani atasema hakuyasikia. Andika barua. Sema unataka kusoma maneno ya mukutano gani, na unangoja jibu mpaka siku gani. Fanya barua mbili. Moja unamuachia. Ingine apige kacheti, ule muhuri wa ofisi, na tarehe, kuonyesha ameipokea. Ile ni yako, uichunge."

"Na kama anakataa kupiga kacheti?"

"Unaandika siku aliyokataa, unapeleka kwa mukubwa wake."

"Lakini yaya, kile kitabu si siri?"

Mbelu alimega mkate. "Kuko siri mu ofisi. Ugonjwa wa mutu, mambo ya nyumba yake. Lakini mukutano ulioitwa juu ya batu bote, utakuwa siri ya nani? Wenda, uombe. Usitukane mutu."

Mwaka ule Amisa alikuwa amejifunza kusoma kwenye masomo ya akina mama. Barua ile ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Aliiandika polepole, mara mbili, na unga ukabaki pembeni mwa karatasi.

Kyungu aliisoma, akabaki na moja, akarudisha ya pili bila muhuri. "Kacheti haipigwi juu ya unga," alisema.

Amisa aliandika chini: "Leo, siku ya Ijumaa, karani amekataa." Akaingoja siku aliyoitaja kwenye barua. Jibu halikuja. Akaenda ofisi kubwa. Mkubwa alisoma barua, akauliza maswali mawili, akaandika amri fupi: kitabu kisomwe mbele ya watu, na Kisimba, shefu aliyeongoza mtaa, awepo.

Siku ya kusoma ilipofika, Avenue ya Tatu nzima ilikuja. Kisimba alifungua kitabu, akamsukumia Amisa.

"Soma, mama. Wewe njo uliomba."

Amisa akasoma kwa kidole. "Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Watu waliitwa kwa filimbi. Kutoka Avenue ya Tatu hakuja mtu. Mwenye bar aliomba robine ihamishwe. Hakuna aliyepinga."

Akarudi kwenye tarehe. Akaisoma tena, kimya. Ilikuwa Jumamosi ile ya makaa na majivu.

"Kumbe ile filimbi haikuwa ya salongo?" aliuliza.

"Ilikuwa ya mukutano," alisema Kisimba.

"Mi nilikuwa chini ya kitanda," mzee mmoja alisema, na watu wakacheka mpaka benchi likalia.

Kyungu alinyoosha shati. "Munaona? Hatukuficha kitu."

"Siye njo tulijificha," Amisa alisema. "Ile kosa ni yetu. Lakini mulituita na filimbi ya salongo, kiisha mukatunyima kitabu. Ungenisomea siku ya kwanza, ningecheka na kurudia ku mikate yangu."

Kisimba alikubali kwamba mkutano urudiwe. Tangazo likabandikwa nje ya mlango wiki nzima kabla, likisema siku, saa na jambo la kuzungumzwa. Filimbi ikabaki ya salongo. Kwa mkutano, wakagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ofisi.

Reli ilipolia, hakuna aliyejificha. Mwenye bar alisema yake, akasikilizwa. Alfani alisema aonayo dereva gizani. Robine ikabaki mahali pake. Watu wa ng'ambo wakaandika barua kuomba robine yao. Kisimba akaamuru kitabu kiwekwe mezani siku inayofuata kila mkutano, anayetaka asome.

Watu walipoanza kuinuka, Kyungu alisimama.

"Neno moja limebaki. Citoyenne Amisa aliniruka, akaenda ofisi kubwa. Aniombe radhi hapa, mbele ya batu."

"Sema tu, mama, biishe," mtu alinong'ona.

Amisa alisimama.

"Tata Kyungu, kesho asubuyi ukuye, nitakupa mikate ya moto. Lakini juu ya ile barua, mi siombi radhi. Leo siombi, na kesho siombi."

Akakaa.