Mtani Asiyejibu

Ukuta mkubwa wa Ukumbi wa Baraza la Mji wa Chisalu ulibadilika rangi wenyewe. Kila asubuhi, wajumbe walipoingia, walikuta umekwisha kuwaandalia habari: kijani palipo na sifa, manjano palipo na shaka, nyekundu palipo na chuki. Mtambo ulioupaka rangi hizo uliitwa Kipimarai. Masikio yake, madogo kama punje za mtama, yalipachikwa katika kila nguzo ya taa, kila kituo cha treni ya angani na kila kibanda cha soko. Yalisikia maneno ya watu, yakayatupa majina yao na sauti zao, yakabakiza maoni peke yake. Hakuna tena aliyepita nyumba kwa nyumba kuuliza wananchi wanawaza nini. Mji ulisema, ukuta ukaonyesha.

Aliyeubuni mtambo huo alikuwa Mhandisi Yoramu Chilongani, Mgogo wa hapo hapo Chisalu, mtu nadhifu, aliyependa mambo yaliyonyooka.

Asubuhi moja Baraza lilikutana kujadili shirika dogo lililoitwa Jumuiya ya Ujirani na Fisi. Shirika hilo halikuuza kitu wala kutafuta faida. Wanachama wake waliwachunguza fisi wa porini walioishi katika vilima vya kaskazini. Waliwavisha mikufu ya mawimbi, wakajua kila fisi analala wapi, anakula nini na anaugua nini. Mkuu wa shirika, Dakta Vaileti Kalinga, Mhehe wa Iringa, alikuja Chisalu akiwa msichana wa chuo, na sasa nywele zake zilikuwa nyeupe. Kibali chake cha kutumia vilima kilikuwa kinakwisha. Kabla ya kumwongezea muda, Baraza lilitaka kujua wananchi wanalionaje shirika lake.

Ukuta ukawa mwekundu kutoka dari hadi sakafu.

"Tusomewe mifano," alisema Mwenyekiti.

Mtambo ukasoma kwa sauti yake isiyo na furaha wala uchungu. "Mchawi yule, usafiri wake ni fisi. Mwambieni mumewe wa kilimani aje alipe mahari. Mla mbwa mkubwa, siku akifa mbwa watafanya sherehe."

Wajumbe walitazamana. Wengi walikuwa watu wa kuja, waliozaliwa katika miji mingine na kusomea nje. Mgogo aliyeketi mezani alikuwa Yoramu peke yake.

Dakta Vaileti alisimama taratibu. "Mhandisi, hayo ni maneno ya watu wa hapa kweli?"

"Ni ya hapa, Dakta."

"Na kipimo chako hakikosei?"

Yoramu alijua jibu la kweli. Wagogo na Wahehe walipigana zamani, kisha wakawa watani, na mtani hasalimiwi kwa maneno laini, hata msibani: Mhehe huitwa mla mbwa, Mgogo huitwa ombaomba. Hapo mwanzo Kipimarai kilifundishwa kuutambua utani. Lakini katika kongamano moja la ughaibuni, Yoramu aliwasikilizisha wahandisi wenzake sauti za msiba wa kwao, na mgeni mmoja akauliza, huku akicheka, ni watu gani hawa wanaowatukana wafiwa. Yoramu aliona aibu. Alijibu kwamba ni matusi ya watu wasiosoma. Aliporudi nyumbani alilifuta somo hilo lote katika mtambo, na tangu siku hiyo, kwa Kipimarai, tusi lilikuwa tusi. Kulieleza jambo hilo sasa, mbele ya ukuta wake na wajumbe wanaouamini, kungekuwa kuukana mtambo uliompa heshima.

"Mtambo hauna uongo, Dakta," alisema. "Unasikia tu."

Mama yule aliitikia kwa kichwa. "Maisha yangu yote nimeamini kipimo kuliko moyo wangu," alisema. "Siwezi kukikataa leo kwa kuwa kimenigeukia mimi."

Kibali hakikuongezwa. Wachukuzi wa chuma, wale wenye mikono mirefu isiyotetemeka, walipanda vilima wakawabeba fisi hadi hifadhi ya mbali yenye uzio. Dakta Vaileti alibaki katika nyumba yake karibu na soko. Mvua za kwanza zilipoanguka, akafariki. Madaktari walisema ni moyo.

Baraza lilimtuma Yoramu kupeleka rambirambi. Alifika makaburini mchana, amevaa suti nyeusi, ameshika shada la maua. Ndugu wa marehemu walikuwa wamekuja kutoka Iringa, maana Vaileti mwenyewe aliacha wosia kwamba azikwe Chisalu. Yoramu alitazamia kukuta watu wachache. Alikuta soko zima.

Katikati ya watu alikuwa Mama Nyemo, mwenye bucha, mwanamke mnene aliyevaa kofia ya porini ya marehemu na, shingoni, mkufu wa mawimbi wa fisi. Alitembea ameinama kama marehemu alivyotembea, akinusanusa hewa, akiwahesabu waombolezaji kwa kidole kana kwamba ni fisi. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Kisha Mama Nyemo akaliendea kaburi, akateremka, akalala ndani.

"Sitoki," alisema kutoka chini. "Hapa pangu. Yeye mpelekeni kilimani kwa mumewe. Mahari yetu mpaka leo hajalipa."

Kaka wa marehemu aliinama ukingoni. "Toka, mtani. Tutakupa jogoo."

"Jogoo mmoja? Nimewalisha mashemeji zangu mifupa miaka yote hiyo, leo jogoo mmoja?"

"Nyie Wagogo kuomba hamjaanza leo. Haya, wawili."

Yoramu alisogea akisikiliza. Mume wa kilimani. Mahari. Yalikuwa maneno yale yale ya ukutani, ila sasa yalikuwa na sauti na uso.

Mama Nyemo alipovutwa kutoka kaburini, jeneza likateremshwa, naye akakaa pembeni akipangusa udongo. Yoramu alimsogelea. "Mama, hayo ulimwambia hata akiwa hai?"

"Kila alipokuja buchani kuchukua mifupa. Na yeye alikuwa na mdomo, usimwone vile. Alisema nikifa atawatupia fisi wake mwili wangu, ila anaogopa wataharisha." Alicheka, kicheko kikakatika. "Halafu wakamwita huko Barazani, akarudi si yeye. Nikamwambia, mumeo kaja kudai talaka. Hakujibu. Alinitazama kama mtu anayeuliza iwapo nasema kweli. Mtani asiyejibu ni mgonjwa, baba. Nikampelekea supu. Alifungua mlango nusu, akanishukuru kwa adabu."

Alivua kofia ya marehemu, akaiweka magotini.

"Kwa adabu," alirudia. "Kama mgeni."

Yoramu hakuweza kumtazama.

"Na wewe wa wapi?" aliuliza Mama Nyemo.

"Wa hapa. Chilongani."

"Mgogo? Mbona umesimama na maua kama balozi? Nenda kaseme lako kabla hawajafukia."

Yoramu alikwenda hadi ukingoni. Hakuwa amemtania mtu tangu utotoni, na ulimi wake ulikuwa mzito. Watu walimpisha.

"Vaileti Kalinga," alisema. "Mla mbwa wewe. Ulikuja kwetu ukachagua fisi, maana uliona watu wa hapa hatufai. Nawe ulikuwa na haki."

Wengine walicheka kidogo, kwa huruma. Kaka wa marehemu alisema, "Hata huyu wa suti amepata la kusema."

Kikuku cha kazi, kilichounganishwa na Kipimarai, kilitetemeka mkononi mwa Yoramu. Aliinua mkono akasoma. Nguzo ya makaburini: maoni mapya, moja. Aina: chuki.

Alikuwa na mamlaka ya kuyafuta maoni hayo kwa kidole. Hakuyafuta. Aliamua kwamba Baraza likikutana atasimama mbele ya ukuta ule na kuyasoma kwa mdomo wake, pamoja na jina la aliyeyasema. Kisha atawaeleza somo alilolifuta na sababu yake. Hata hivyo, vilima vitabaki bila fisi, na kaburi litabaki lilipo.

Aliliweka shada chini. Mama Nyemo alikuwa amekuja kusimama kando yake, mkufu wa fisi bado uko shingoni.

"Umetukana vizuri, kwa mtu wa maua," alisema. "Ungemwambia akiwa hai. Angekujibu."