Mbao za Gudrun

“Nimekuja kuchukua mbao zangu,” mzee alisema mlangoni, akikung’uta theluji kwenye kofia.

Tilman aliiacha sindano aliyokuwa akilainishia nyundo za sufu za piano. Hakumjua. Friederike, mchumba wake na mwenye kiwanda tangu baba yake afariki, alitoka ofisini na kikombe cha kahawa.

“Mbao zipi, mzee?”

“Za msonobari. Mimi Oswin Krahl, nilikuwa bwana misitu kule juu. Mti ule niliuangusha mwaka niliomwoa Gudrun. Baba yako akaniambia, ‘Krahl, ukipata sebule ya kutosha piano, njoo. Hizi hazitaguswa.’ Sasa tumehamia bondeni. Sebule ipo.”

Friederike alitabasamu.

“Zenye herufi G ya chaki. Nikiwa mdogo nilikatazwa hata kuzikalia. Tilman, mpeleke darini.”

Tilman hakuinuka.

“Hazipo darini, Rike.”

Wendelroth, ukoo wa Friederike, walitengeneza piano kwa vizazi sita. Vita vilipita, serikali zikapita, kiwanda kikasimama. Mwaka huu kilibakiwa na oda moja ya maana, ya ukumbi wa Osaka. Kiangazi, ule ubao mpana wa chini ya nyuzi, unaoipa piano sauti yake, ukapasuka. Mbao nyingine zote zilikuwa bado mbichi. Tilman akapanda darini peke yake, akaipiga randa ile G mpaka ikawa vumbi, na mbao za Krahl zikaingia kwenye piano ya Osaka.

“Uliniambia mbao za piano ya Osaka umezinunua Bavaria,” Friederike alisema.

“Nilikudanganya.”

“Nami nikakushukuru. Nikakubusu.”

“Ulikuwa unalia kwa ajili ya kiwanda. Sikuweza kukutazama.”

“Usinifanye mimi kisingizio cha wizi wako.”

Krahl alivaa kofia yake.

“Wanangu, msigombane. Gudrun hajui nimekuja. Nitamwambia barabara ilifungwa na theluji.”

Hapo ndipo moyo wa Tilman ulipochomwa. Mzee wa watu anakwenda kumdanganya mkewe kwa mapenzi, kama yeye alivyofanya.

Friederike aliivua pete, akaiweka mezani katikati ya sindano.

Jioni Tilman alimtumia ujumbe: “Lori la kupeleka piano bandarini linakuja kesho. Niambie nifanye nini.”

Jibu lilichelewa. “Baba alitoa neno lake. Wewe umelifungia ndani ya piano. Unaniuliza mimi?”

Tilman alivaa koti, akaenda kumgongea.

“Nataka piano ile iende kwa Krahl,” alisema. “Safari hii nakuuliza kwanza.”

“Tukiikosa Osaka, karakana ya juu tunaifunga.”

“Najua.”

“Na arusi, kama itakuwepo, watu watakula supu ya viazi.”

“Naipenda supu ya viazi.”

“Usinichekeshe, bado nina hasira. Osaka utawapigia wewe. Uwaambie ukweli, usimtaje mtu mwingine.”

Tilman alipiga simu kulipokucha. Alisema yote. Upande wa pili walimsikiliza kwa adabu, wakavunja oda.

Mchana lori lilisimama bondeni. Ilibidi dirisha la Krahl ling’olewe na makochi yahamie jikoni.

“Oswin, nilikuomba piano,” Gudrun alisema, “wewe umeniletea tembo. Na chakula tutakula wapi?”

“Juu yake,” mumewe alijibu, akageuka upesi kufuta macho.

Tilman alijilaza chini ya piano na kipande cha chaki. Friederike alipiga magoti kummulikia kwa simu.

“Pete unayo?” alinong’ona.

“Mfukoni.”

“Nipe. Sijakusamehe yote, sikia. Lakini nipe.”

Alimvisha kwa vidole vyeupe kwa chaki. Kisha akaandika G kubwa kwenye ubao, wakati ule ule Gudrun alipoanza kuipiga piano, na ule msonobari ukatetemeka chini ya mkono wake.