Mchwachuma

Mchwachuma elfu arobaini, roboti wadogo wa kula kutu, walimwagwa juu ya mlango wa gari kama mchele juu ya ungo. Kila mmoja alikuwa mdogo kuliko punje ya mtama, na mdomo wake ulitambua kutu tu. Chuma kizima hawakukigusa. Dakika sita baadaye mlango mzima uling'aa.

"Wape na chini ya mlango," Mhandisi Mwanahija aliiagiza mashine iliyowaongoza kituoni kwake.

Mwenye gari alikuwa Mzee Semboja, fundi bodi aliyemfundisha kushika msasa miaka thelathini iliyopita. Gari hilo ndilo lililokuwa likimpeleka mkewe kliniki ya figo, na saa nane mchana lilitakiwa mbele ya Jicho la Barabara, mtambo wa ukaguzi usiojua kubembelezwa.

Mchwachuma walipomaliza, chini ya mlango palikuwa na tundu kubwa kama sahani. Kioo cha mashine kikaandika: CHUMA KIMEKWISHA. GARI HALIFAI.

Mzee Semboja akacheka. "Hawa wadudu wako wanajua kula, kupika hawajui. Hapo panataka kiraka."

"Basi chomelea, mwalimu. Muda upo."

"Nichomelee kwa kifaa gani, mwanangu? Bomba langu la gesi la kuchomelea nililiuza mwaka ule ulipofungua kituo hiki. Karakana yangu ilikosa wateja, mafundi wangu wanne wakatawanyika."

Kila asubuhi Mwanahija alilipita geti la karakana ile lililofungwa, akidhani mzee ameamua kupumzika.

"Bomba uliliuza kwa nani?"

Mzee akanyoosha kidole ukumbini, kwenye kabati la kioo lenye zana za kale za kufurahisha wageni. "Lile pale."

Mwanahija alilifungua kabati mwenyewe, akalitoa bomba na kuliunganisha na mtungi wa gesi wa maabara. Mzee alikata bati, akaligonga mpaka likakaa. Kisha akampa Mwanahija bomba likiwaka moto.

"Macho yangu hayaoni tena mstari. Shika wewe. Usikimbie."

Mshono wa kwanza ulienda upogo. Wa pili ulinyooka.

Saa nane na robo Jicho la Barabara liliwasha taa ya kijani. Mzee alipiga kofi paa la gari, akacheka tena, lakini Mwanahija hakucheka.

"Mwalimu, wale mafundi wanne wanaishi wapi? Nawahitaji kituoni."

Mzee akamfungulia mlango wa gari.

"Mmoja yuko Pongwe. Panda, tuanze na huyo."