Kitanda Namba Sita Kinapumua

Jua lilikuwa linazama nesi Auleria alipoanza kugawa dawa za jioni. Alikuwa peke yake, wodi mbili, wagonjwa thelathini na mmoja. Ndiyo maana wodi zilifungwa vidubwasha ukutani, kimoja juu ya kila kitanda. Havimgusi mgonjwa. Vinahesabu pumzi zake kwa mbali, zikilegea simu ya nesi inalia. Waliovileta walipiga picha, wakaenda zao. Nesi wa pili hawakumleta.

Kitanda namba sita alilala Uwase wa Mabawe, kifua kimembana siku ya tatu.

"Usimwache, nesi," mama yake, Bonifasia, alinong'ona. "Mke mwenzake ameapa. Kitu chake kinakuja giza likiingia."

"Nenda kapike uji, mama. Akizidiwa, simu itaniambia."

Saa moja, simu kimya. Namba sita: pumzi kumi na sita. Saa moja na nusu, kumi na sita vilevile. Auleria akamshukuru Mungu, akabaki wodi ya wazazi.

Saa mbili alikwenda na sindano.

Harufu ya udongo mbichi ilimpokea mlangoni. Blanketi la namba sita lilikuwa linapanda... linashuka... linapanda...

Akalifunua.

Kanga zilizoviringishwa. Basi.

"Mama, Uwase yuko wapi?"

Bonifasia, aliyekuwa anaingia na sufuria ya uji, alipiga magoti akainua shuka lililoning'inia. "Nimemficha chini ya kitanda," alinong'ona. "Kitu kikija kikute nguo. Mama yangu aliniponya hivi hivi."

Auleria aliingiza mkono. Shavu lilikuwa limeshapoa.

Kidubwasha kilitazama kitanda tu. Sakafuni hakikuona mtu.

"Ulisema simu itakwambia!" Bonifasia alilia. "Ulisema, nesi!"

Auleria aliitazama simu. Kanga zote alikuwa amezishika mwenyewe, kitandani hapakuwa na kitu.

Namba sita: pumzi kumi na sita.

Kisha simu ikalia. Mara ya kwanza jioni ile nzima.

Kiooni pameandikwa: Namba sita, mgonjwa ameondoka kitandani.

Mlango ulifunguka kidogo, ukajirudisha. Auleria hakulia. Alijawa na hasira, kwa mama aliyeficha, kwa simu, na zaidi kwa nafsi yake. Kutoka wodi ya wazazi ni hatua arobaini tu, na hakuzipiga.

Saa tatu kasoro aliletwa binti mwingine, kutoka Nyakisasa, anahema kwa shida. Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja.

Auleria alitoa shuka ili atandike safi. Godoro lilikuwa bado na joto.