Kisu cha Kukunja cha Bei Poa

Siku ya pili tangu akinunue, fundi makochi alitia mkono mfukoni kutafuta kisu chake cha kukunja, akakikuta kiko wazi. Alikuwa na hakika alikikunja. Alikisikia mwenyewe kikilia tak, kama vinavyolia visu vya aina hiyo vinapojifunga. Ajabu ni kwamba mfuko haukuwa hata na mkwaruzo, wala paja lake. Bapa lilikaa humo asubuhi nzima, makali yamegeukia nyama, limetulia tu.

Akakikunja tena, akajiambia kitu cha bei poa hakikosi kasoro.

Maana alikipata kwa bei ya kutupa. Kile cha zamani kilikuwa kimevunjika ncha, na fundi makochi bila kisu ni mtu wa kukaa akipiga miayo. Kitambaa anakata kwa kisu, sponji anachonga kwa kisu, pini za kochi kuukuu anazing'oa kwa ncha ya kisu. Alizunguka madukani akaona vya kung'aa vyenye bei ya mahari. Mwishowe akaangukia kwa muuza vyuma chakavu, jamaa mmoja mkimya aliyetandaza spana na nyundo juu ya turubai. Kisu kilikuwa katikati ya spana. Mpini wa mfupa mweusi, bapa fupi, chepesi, cha kukaa mfukoni bila mtu kujua. Fundi akakijaribu kama anavyojaribu visu vyote, kwa kunyoa vinyweleo vya mkono wake wa kushoto. Kilinyoa kama hakijagusa.

Muuzaji hakusifia mali yake kama wenzake. Aliuliza jambo moja tu.

"Unakitaka cha kukatia nini?"

Angesema kitambaa, yakaisha. Lakini fundi alikuwa mtu wa mdomo, na mzaha ulimwasha.

"Cha kukatia chochote kitakachonisumbua," akasema, akacheka.

Muuzaji hakucheka. Alikitazama kisu, si mteja, kana kwamba anahakikisha kimesikia, ndipo akakitoa.

Sasa fundi huyu, tusifichane, alikuwa mwepesi wa kusumbuliwa. Inzi alimsumbua. Kigoda kilichoyumba kilimsumbua. Mkewe, aliyeshona mifuko ya mito kwa cherehani kwenye kona ya karakana yao, alishamzoea. Akimsikia ananung'unika, alimwacha mpaka apoe, kama mtu anavyoacha chai. Walikuwa wamefanya kazi mgongo kwa mgongo miaka kumi na minne, wanapendana bila makeke, na siku hata moja hakuwahi kumwinulia mkono.

Cha kwanza kilikuwa spika ya muuza redio wa ng'ambo ya barabara. Wimbo ni uleule tangu asubuhi, mpaka fundi akasaga meno. Akasikia tak, karibu sana na mwili wake. Muziki ukakatika. Muuza redio akatoka nje ameshika waya zilizokatwa vipande vipande, na uso wa spika umechanwa mistari mitano iliyonyooka kama ya rula. Fundi alitaka kucheka. Akagundua kisu kiko kiganjani mwake, wazi, kina joto, na hakukumbuka kukitoa. Kilinuka chuma kilicholowa na nywele zilizoungua.

Kesho yake akaja mwalimu, mteja, siku ya tatu mfululizo kuulizia kochi lake. Fundi alimjibu kwa adabu, ila moyoni alikuwa anachemka. Tak. Mwalimu akanyamaza katikati ya neno. Akapeleka mkono shavuni, na vidole vikaingia ndani, kwa sababu shavu lilikuwa limefunguka kutoka sikioni hadi mdomoni na meno yake ya nyuma yanaonekana kwa upande, meupe, kisha mekundu. Alikuwa hatua tatu kutoka kwa fundi. Waliomkimbiza hospitali walisema springi ya kochi imefyatuka, na fundi naye akasema ni springi. Huku mkono ameuficha nyuma, kisu kinadondosha damu juu ya kiatu chake.

Adhuhuri hiyohiyo akakitupa chooni, kwenye shimo, akakisikia kabisa kikitumbukia. Alirudi karakana akitembea kwa haraka. Alipokaa kwenye kigoda chake, mfukoni kikalia tak.

Aliyempa ukweli alikuwa mama mnoa visu, mwanamke wa makamo aliyepita kila Alhamisi akisukuma gurudumu lake la kunolea. Fundi alimnyooshea kisu bila kusema kitu. Mama alikipokea, akakiachia papo hapo kama kaa la moto, akajifuta kiganja kwenye khanga mara nyingi. Akamuuliza alikinunua wapi, na alipokinunua alisema nini. Fundi akamweleza, kwa aibu.

"Hicho kina mwenyewe, mwanangu," mama akasema kwa sauti ya chini. "Na huyo hajui mzaha. Umempa kazi, hukumwekea mwisho. Sasa anakaa hapo anausikiliza moyo wako."

"Nimtoe vipi?"

"Kazi yake inaisha akikata kitu ulichomtajia kwa jina, kwa mdomo wako. Lakini kiwe kinakusumbua kweli. Ukimtajia kuku ili umdanganye, atajua."

Fundi akamtazama mkewe, aliyekuwa amejiinamia kwenye cherehani. Akauliza kwa kunong'ona afanye nini kwanza.

"Kwanza usikasirike," mama akasema.

Ni rahisi kusema. Hawajapita hata watu kumi barabarani, akaingia shemeji yake, kaka wa mkewe, waliyemwita Mapengo. Mtu mwema, ila mdomo wake haukuwa na kufuli. Alikuwa amesikia habari za springi. Akajitupa kwenye kochi la mwalimu akaanza kumtania fundi kwamba siku hizi makochi yake yanauma watu, awe anayafunga mnyororo. Fundi alihesabu pini kwenye kopo. Alitazama dari. Alijilazimisha kufikiria maji baridi. Mapengo akacheka mzaha wake mwenyewe kwa mara ya pili, na ile mara ya pili ndiyo iliyomponza.

Tak.

Paja la Mapengo likapasuka kutoka gotini kwenda juu, suruali na ngozi na nyama kwa pamoja, kama kitambaa cha kochi kinavyofunguka fundi anapolichana apate sponji. Damu iliruka mpaka kwenye kioo cha dirisha. Mapengo hakulia mara moja. Alilitazama paja lake kwa mshangao, akajaribu kulifumba kwa mikono miwili, ndipo akatoa sauti ambayo mkewe fundi hakuwahi kuisikia kwa kaka yake tangu utotoni.

Mke akarukia mkanda wa kitambaa, akalifunga paja, akavuta kwa meno. Akageuka. Akakiona kisu mkononi mwa mumewe.

"Umefanya nini?" akauliza.

Mke akauliza tena, akauliza kaka yake amemkosea nini, akauliza kama na mwalimu ni yeye, akauliza, akauliza, na kila swali lilikuwa la haki, na fundi alijua kuwa ni la haki, lakini alikisikia kitu kile kinapanda ndani yake kama chafya, kidogo tu, usumbufu mdogo wa mtu anayeulizwa asichoweza kujibu, akakizuia, akajiuma ulimi mpaka akaonja chumvi, akamwambia moyoni nakupenda, nakupenda, nyamaza kidogo tu, na hapo hapo, kwenye lile neno nyamaza, mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, ukamfuata yule mwanamke aliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, na kisu kikalala kooni mwake taratibu, kama kinachagua pa kuanzia.

Tone la kwanza lilitoka, likashuka hadi kwenye ukosi wa gauni.

"Usimwambie aache," mama mnoa visu alisema kutoka mlangoni, akinong'ona kama mtu aliye karibu na nyoka. "Mtajie kingine. Haraka."

Fundi aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Aliuvuta haukuvutika. Akauona vizuri, ukucha wa dole gumba uliopondwa na nyundo, gundi iliyokauka kwenye viungo, mkono uliowalisha wote, sasa uko kooni kwa mkewe. Hakuwahi kukichukia kitu kama alivyouchukia.

"Mkono huu," akasema. "Mkono wangu wa kulia ndio unaonisumbua. Kata huu."

Hakudanganya, na jini wa kisu alijua. Vidole vya kulia vikafunguka. Kisu kikahamia mkono wa kushoto, ambao nao haukuwa unamsikiliza tena, kikamsukuma fundi mpaka meza ya kukatia, kikaanza kazi pale kiganja kinapoungana na mkono. Ilichukua muda, maana bapa lilikuwa fupi. Kilipofika kwenye mifupa hakikulazimisha. Kilitafuta maungio kwa ncha kama fundi anavyotafuta pini, kikayapata, kikapita. Mkewe alimkumbatia kwa nyuma muda wote, uso ameubana mgongoni mwake, akiyahisi mavuto yale moja baada ya jingine. Kisha kisu kikajikunja chenyewe. Tak.

Mama mnoa visu alikichukua kwa koleo. Alilisaga lile bapa kwenye gurudumu lake mpaka likawa vumbi, na mpini wa mfupa akauchoma jikoni kwa mkaa. Hakuomba malipo.

Mapengo alipona, akabaki anachechemea, na ajabu alijifunza kunyamaza. Mwalimu alichukua kochi lake bila kuuliza kitu. Kukata akachukua mke, kwa mkasi, na fundi akawa mtu wa kupaka gundi kwa mkono wa kushoto na kutabasamu. Watu walimsifu. Walisema msiba ule umemfanya mpole, hata inzi akitua puani anamwacha.

Miezi saba baadaye, mchana mmoja wa mvua, vidole vyake vya kulia vilianza kuwasha. Havikuwepo, na viliwasha. Alijikuna kwenye kigutu, haikusaidia. Alikisugua kwenye ukingo wa meza. Uwasho ukazidi, mdogo, wa kijinga, usiofikika, na kabla hajajizuia alishakunja uso. Mkono aliomtajia jini ulikuwa bado unamsumbua.

Mfuko wake wa kulia, ambao hakuwa tena na mkono wa kuutia humo, ukawa mzito.

Tak.

Mkewe akaacha kukanyaga cherehani.

"Unasumbuliwa na nini?"

"Sisumbuliwi na kitu."

Hakuridhika. Alimjua mno. Akainuka, akaja taratibu akiwa na lile kovu jembamba kooni, akamwekea mkono begani kwa huruma.

"Niambie, mume wangu."

Fundi alitabasamu kwa nguvu zake zote, akimwomba Mungu asiulize tena.